Ukuta Umekukosea Nini?

Picha nyingine tena. Saa moja asubuhi, Julai, pua imeganda, vidole havijui kama vimeshika kikombe au tindo, na bosi huyo anakuja na simu mkononi: "Fundi, nataka iwe hivi." Hivi ni nyumba ya California. Paa limelala chali kama mtu aliyeshiba, vioo vinaanzia sakafuni hadi juu, jiko limeungana na sebule, sebule imeungana na meza ya kulia, na ukuta wa ndani hakuna hata wa dawa. Mwenye nyumba wa kwenye picha amevaa kaptula.

Kaptula, jamani. Hapa Uhindini, Mbeya, watu wanalala na soksi.

Nyumba zile sina ugomvi nazo. Joseph Eichler alijenga na kuuza zaidi ya 10,000 za namna hiyo huko California kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na waliozichora walijua kazi. Lakini paa lake limebebwa na nguzo na boriti. Kuta nyingi za ndani ni pazia tu, ziondoe leo, paa halina habari. Halafu ndani ya zege la sakafu walilaza mabomba ya maji ya moto. Joto linapandia miguuni! Bosi mabomba hakuyaona. Kaona kochi.

Nyumba yake yeye ni ya miaka ileile, ila ya tofali za kuchoma, yenye dohani, sakafu nyekundu ya kupigwa nta, na ule ukuta wa kati wa inchi 9 anaotaka utoke. Unajuaje kama umebeba paa? Usiugonge kwa vidole ukasikiliza kama unanunua tikiti maji. Panda darini na tochi. Ukikuta mbao za dari na za kenchi zimeukatiza ukuta kwa juu, na zaidi ya hapo zimeungwa palepale juu yake, huo ndio mgongo wa nyumba. Ukikuta zinakwenda sambamba nao, na wenyewe ni wa inchi 4 na nusu, kuna matumaini, ila mhandisi aitwe vilevile. Bosi ana hela ya friji ya milango miwili. Ya mhandisi hana.

"Si ukuta mmoja tu, fundi?"

Mmoja, ndiyo. Urefu mita 4, kwenda juu mita 2.7: hizo ni kama tani 4 na nusu za tofali na plasta, kifusi cha Canter tripu mbili. Na kabla nyundo haijagusa kitu, mirunda, yaani miti ya kulishikilia paa kwa muda. Pande zote mbili za ukuta, kila mita moja, juu mbao ya mbili kwa sita ya kupokea, chini ubao wa kugawa uzito, maana mrunda ukiusimamisha hivihivi juu ya sakafu ya kizee unaizamisha. Kabari unazikaza kidogo kidogo, kwa zamu. Ukikaza mmoja kwa hasira unanyanyua paa na kupasua dari ya chumba cha pili, halafu uulizwe wewe.

Dari ikiwa ya shuka za asbesto, msumeno weka chini: lowesha, toa shuka nzimanzima bila kuvunja, funga kwenye nailoni, vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Umeme zima kwenye meni swichi, nyaya za zamani zimepita kwenye plasta na aliyezipitisha hakuacha ramani.

Bimu sasa, ile boriti ya zege ya kubeba paa badala ya ukuta. Kwa mita 4 tunazungumzia kina cha sentimita 40, nondo tatu za milimita 16 chini, mbili za 12 juu, ringi za 8 kila sentimita 15, na kila ncha imekaa sentimita 20 au zaidi juu ya kitako cha zege, si juu ya tofali lililochoka. Hivyo ndivyo vya kawaida. Neno la mwisho ni la mhandisi, hasa mji wenyewe uko kwenye Bonde la Ufa na ardhi ina kawaida ya kujinyoosha. Zege moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga, kokoto; saruji mifuko mitatu.

Na siku ya zege ndiyo siku aliyokuja mzee.

Zege limeshachanganywa, ndoo zinapanda, una kama saa moja hivi kabla halijaanza kugoma. Simu ikalia. Baba mzazi wa bosi ameshuka stendi ya Nane Nane akitokea Tukuyu, yuko kwenye bajaji. Mke wa bosi yuko jikoni anakaanga. Na wazee wa Rungwe wanaoshika mila mnawajua: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, chumba kimoja hawakai, wakikutana njiani mkamwana anaingia migombani. Wengi wameacha. Huyu hajaacha.

Sasa mkamwana aingie mgomba upi? Jiko na sebule vimekuwa kitu kimoja tangu juzi.

"Fundi, turubai!"

Basi fundi mzima, mtu wa kuheshimika, mwenye pima maji yake mwenyewe, akapandishwa ngazini kushika ncha ya turubai la buluu, saidia fundi kashika ncha ya pili. Mzee akaingia. Koti jeusi, kofia, fimbo. Akaketi. "Ugonile." Nikaitika, huku mikono iko juu kama mtu aliyekamatwa. Na salamu za Kinyakyusa hazina haraka: nyumbani wameamkaje, mvua ilikuwaje, mahindi je, ng'ombe je, ng'ombe mmojammoja. Nyuma ya turubai mafuta yanalia chwaaa. Mzee analitazama turubai.

"Ukuta uko wapi?"

"Tumeutoa, baba," bosi akajibu. "Ndiyo mtindo wa sasa. Nyumba inakuwa wazi."

Mzee akafikiri kwa muda wa kumwaga ndoo mbili.

"Anayepika yuko wapi?"

"Huko, baba."

"Huko wapi?"

Upepo wa mlima Loleza haukungoja jibu. Ukaingia dirishani, turubai likavimba kama tanga, na mkamwana wa watu akachuchumaa nyuma ya ile friji ya milango miwili, mwiko mkononi. Hapo ndipo friji ilipofaa. Na mimi mabega yanawaka, jasho kwenye baridi, naliona zege pale chini linabadilika rangi, najisemea mzee wangu, shikamoo mara mia, lakini zege halina mila, zege halingoji ng'ombe wa saba!

Alipoaga aliniangalia pale juu. "Fundi, ukimaliza kuning'inia, rudisha ukuta."

Zege lilikuwa limekaa saa moja na nusu. Saidia fundi, kijana wa huruma, akataka kuliongezea maji lilainike. Usiongeze maji! Linalainika kweli, na nguvu zinaondoka nayo. Mwaga, changanya jingine. Mfuko na nusu wa saruji umekwenda na salamu.

Likishamwagwa, kwa juu kunabaki upenyo wa sentimita mbili tatu usiofikika kwa ndoo, na wavivu wanaupaka plasta yakaisha. Ukitoa mirunda, paa linashuka sentimita zilezile na mlango wa chumbani haufungi tena. Unasubiri bimu likomae, unajaza mota kavu, saruji moja kwa mchanga tatu, ile ukiifinya kiganjani inashikana bila kuchuruzika, unaishindilia kwa kipande cha mbao. Bimu mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Mirunda ikae siku 14 kwa uchache, na kwa usiku wa Julai wa nyuzi chini ya 10, mimi naweka 21. Siku ya tatu bosi: "Jumapili nina wageni, tuitoe?" Toa wewe, bosi. Ngoja nivuke barabara kwanza.

Mwisho wake? Chini ya bimu jipya imefungwa reli, kwenye reli milango minne ya mninga ya kukunja. Yaani ukuta, ila wa bei mbaya. Na afadhali, kwa sababu dohani ile ilijengewa sebule ya mita za mraba 18, bosi akaifanya 45, moto ukawa unaota wenyewe. Tena kuna usipa wa Kyela, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa. Ukikaangwa kwenye nyumba iliyo wazi, pazia linanukia hadi Pasaka.

Tofali zimegombaniwa. Za zamani zile ukizigonga zinalia kama kengele, na chokaa inabanduka kwa tindo bila ubishi, si kama saruji. Jirani kaja na toroli, tripu sita, anajenga banda la kuku. Nimelichungulia. Lina kuta nne na kizuizi katikati, wanaotaga huku, wanaoatamia kule. Na futi yangu ya mita 5 sijaiona tangu toroli ilipoondoka.