"Ngano Hakuna, Madam. Ni Unga"

Nilimuuliza mhudumu mara tatu. Samaki huyu mmemtia ngano? Hapana, madam. Mmempaka kitu chochote? Hakuna, madam, ni samaki tu. Nikauliza tena, na safari hii akaniangalia kama mtu anayetafuta kisingizio cha kutolipa.

Samaki akaja. Tilapia mzima, mkia umening'inia nje ya sahani, ugali kando, sukuma wiki, kachumbari. Nilipomgeuza nikaona tumboni kiganda chembamba cha rangi ya dhahabu, kinabanduka kama rangi ya ukuta ulioloa. Nikamwita yule kijana.

"Hii ni nini?"

"Hiyo ni unga kidogo tu, ya kufanya asishike kwa karai."

"Unga gani?"

"Unga ya chapo."

"Si nimekuuliza kama kuna ngano?"

"Ngano hakuna, madam. Ni unga."

Hakuwa ananidanganya, na imenichukua miaka kulielewa hilo. Kwa mtu wa Nairobi ngano ni kitu kinachoota Narok au Njoro, unakiona kwa dirisha la matatu. Kilicho jikoni ni unga, na unga ni wa aina mbili: wa ugali na wa chapati. Siku hizi siulizi habari za ngano kabisa. Nauliza, "Kuna mahali umetia unga ya chapo?" na majibu yanabadilika papo hapo. Loo, mchuzi umetiwa kijiko kimoja uwe mzito. Loo, zile waru zimekaangwa kwa mafuta ya sambusa.

Nilihamia Torino, kaskazini mwa Italia, mwaka 2013. Kabla ya hapo nilitibiwa Nairobi amiba, taifodi, vidonda vya tumbo, halafu amiba tena. Damu yangu ilikataa kupanda. Nilikunywa juisi ya bitiruti mpaka mama akaanza kununua kwa debe, na bado nilikuwa nikipanda ngazi za ghorofa mbili natafuta mahali pa kushika. Huko Italia daktari alisikiliza hadithi hiyo kwa dakika tano, akatoa damu, akaniambia jambo ambalo ningependa kila anayesoma hapa alishike: endelea kula mkate mpaka tumalize kupima. Ukiacha ngano kabla ya vipimo, kinga ya mwili inatulia na majibu yanaweza kutoka safi wakati wewe ni mgonjwa. Baadaye wakanipitisha kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha utumbo, na jina likapatikana. Siliaki.

Kwa ufupi, kinga ya mwili ikikutana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, inaushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vinalala kama nyasi zilizokanyagwa. Dawa yake ni kuacha nafaka hizo maisha yote. Maziwa yaliingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa hutengenezwa pale pale kwenye vijidole hivyo. Wengi hupona wakarudia maziwa yao. Mimi sikurudi, na wala si ajabu, Waafrika wengi tukishakuwa watu wazima tunaipoteza nguvu hiyo hata bila ugonjwa wowote, isipokuwa jamii za wafugaji wa tangu zamani kama Wamaasai. Ila tofauti ni hii: maziwa kwangu ni suala la kiasi, ngano ni suala la chembe. Kikombe cha chai ya maziwa kitaninguruma tumbo. Makombo ya mkate yananiangusha siku tatu.

Sasa fikiria mtu mwenye hali hiyo anaishi Italia, nchi ya tambi na piza. Niliwaza wamenihukumu kufa njaa. Kumbe ndiko mahali ninapokula nje bila moyo kudunda. Wana sheria ya mwaka 2005, namba 123, inayoutambua ugonjwa huu na kulazimisha jikoni za shule, hospitali na ofisi za umma kutoa chakula kisicho na gluteni kwa anayekiomba. Mwanamke wa rika langu anapewa euro 90 kila mwezi za kununulia vyakula vyake. Juu ya hapo kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inayotaka hata mikahawa itaje vitu 14 vinavyodhuru watu, maziwa na nafaka za gluteni zikiwemo. Na neno "bila gluteni" lina kipimo: kilo moja ya chakula isizidi miligramu 20 za gluteni.

Nafanya kazi ya jikoni kwenye shule ya msingi, kwa hiyo sheria hiyo naiona ikivaa aproni. Mtoto mwenye siliaki ana trei ya rangi yake. Chakula chake kinapakuliwa kwanza, kabla sufuria ya tambi haijafunuliwa, kinafungwa plastiki juu, kinaandikwa jina. Kijiko chake hakiingii kwenye droo yetu. Siku ya kwanza nilidhani ni madaha ya Wazungu. Ya pili nikaingia stoo nikalia kidogo, kwa sababu nilikumbuka utotoni nikiendesha darasani na mwalimu akiniambia nipunguze maembe mabichi.

Lakini msinione nimeuza nchi. Chakula chenyewe cha Italia kwa mtu kama mimi ni cha kuigiza. Mkate wa wanga unaovunjika kama chaki, biskuti za sukari tupu, jibini bandia yenye ladha ya mshumaa. Polenta ni ugali, sawa, lakini pale Piemonte, mkoa wa Torino, wanaukoroga na siagi na jibini mpaka mahindi yenyewe yanaomba radhi. Kila nikila najua nakula kivuli cha chakula cha mtu mwingine. Nduma na matoke nazifuata soko la Porta Palazzo, kwa bei ambayo mama akiisikia anauliza kama zimekuja kwa ndege zikiwa zimekaa kiti cha mbele.

Nairobi ni kinyume chake kabisa, na hapa ndipo ninapobishana na kila Mkenya wa huku. Chakula chetu hakihitaji kuondolewa ngano, kwa sababu haikuwemo. Githeri, nduma, viazi vitamu, mihogo, ugali wa mtama, uji wa wimbi, omena, ndengu, nyama choma ya Kariokor na chumvi pembeni. Mapishi ya Pwani ndiyo usiseme: wali wa nazi, maharagwe ya nazi, mbaazi, vitumbua vya mchele. Tui limefanya kazi ya maziwa karne na karne bila kuitwa "mbadala". Ngano bara ni mgeni wa juzi. Lord Delamere, yule mlowezi Mwingereza, alihangaika nayo Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 huku ugonjwa wa kutu ukimlia shamba, na mpaka leo nyingi tunayokula inatoka nje kwa meli. Lakini mgeni huyo ameketishwa kiti cha heshima. Ugali ni wa kila siku, chapati ni ya sherehe. Kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, Krismasi bila chapati ni Jumatano tu. Mama alikuwa anakanda tangu saa kumi na moja alfajiri, unga ukitua kwenye nyusi zake, kwenye sufuria ya njahi, kwenye redio.

Kwa hiyo tatizo la Nairobi si chakula, ni safari ya chakula mpaka sahanini. Chukua yai la kuchemsha la barabarani, ambalo ningesema ndilo chakula salama kuliko vyote chini ya jua. Nilisimama na muuzaji mmoja kwenye kituo cha matatu. Akamenya yai vizuri, nyeupe, linang'aa. Akachukua kisu alichopasulia soseji ya mteja aliyetangulia, soseji ambazo mara nyingi zina unga ndani, kisu kikiwa bado na mafuta mekundu, akalipasua. Nikamwambia nataka jingine, nitapasua mwenyewe kwa mkono. Akacheka, akanipa, akanitilia kachumbari kwa kijiko kilichotoka kupakia chapati. Mayai mawili, nikala nusu tu ya lile la pili, ile ya chini isiyofikiwa na kachumbari.

Mboga nazo zina mitego yake. Managu ya hotelini mara nyingi imelazwa kwenye maziwa, na mpishi anaona hiyo ndiyo sifa yake. Mukimo unaweza kupondwa na siagi. Unga wa wimbi unasagwa kwa mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani, ndiyo maana mama hunisagia wangu nyumbani kwa blenda, akilalamika. Chai ndiyo usitaje bila kufafanua: chai ni ya maziwa, vinginevyo sema turungi.

Na ile mikahawa ya Westlands na Karen yenye maneno "bila gluteni" kwenye menyu? Siiamini hata kidogo. Pale neno hilo ni la watu wanaopunguza kiuno. Nimeona keki ya lozi, bei ya kilo mbili za nyama, ikikatwa juu ya ubao uliojaa makombo ya kroasanti. Nilipouliza, msichana akanijibu kwa upole, "Lakini keki yenyewe haina, madam." Namwamini zaidi mama wa kibanda ambaye sufuria zake zote ziko mbele ya macho yangu. Huyo akikwambia "hapa nimetia unga, kula ile ya kule," amemaliza mambo yote 14 ya Ulaya.

Binamu yangu anasema tungoje sheria. Sheria ije, sikatai, lakini mimi nina neno jingine, na najua litawaudhi baadhi yenu. Nairobi inajua kutenga vyombo. Inajua vizuri sana, tangu zamani, ila inafanya hivyo kwa ajili ya Mungu peke yake. Nenda Eastleigh, mtaa wa Waislamu wengi, umuulize mchinjaji kama kisu chake kimegusa nguruwe. Atakufukuza. Kwenye harusi zetu meza ya wageni Wahindi wasiokula nyama inawekwa mbali, na vijiko vyake, na mtu wa kuilinda. Msabato akisema hali kitu fulani, hakuna anayembembeleza aonje kidogo tu. Bora zaidi ni mahoteli ya Wahabeshi pale Hurlingham na Kilimani: omba chakula cha mfungo na umemaliza habari ya maziwa, maana Waorthodoksi wao wakifunga hawagusi nyama, siagi wala mayai, na hufunga karibu kila Jumatano na Ijumaa. Injera, mkate wao, ndiyo ya kuuliza, kama ni tefu tupu, nafaka yao isiyo na gluteni, au imechanganywa na unga ule ule tunaoujua.

Maana yake mikono ipo, vyombo vipo, nidhamu ipo. Kinachokosekana ni mtu kuamini kwamba chapati, ile chapati ya mama, inaweza kumuumiza mwanadamu. Ukisema "aleji" wanatazama ngozi yako wasione vipele. Ukisema "daktari amenikataza" wanakuambia hata mimi nilikatazwa chumvi. Kanisa langu lenyewe limenisaidia nusu tu. Katoliki, kwa barua ya Roma ya mwaka 2017, inakubali hostia, ule mkate wa komunyo, yenye gluteni kidogo sana lakini si isiyo nayo kabisa. Torino ninazo zangu kwenye kikopo chake, Nairobi naomba kikombe cha divai peke yake na nangoja macho ya mstari mzima.

Basi Agosti iliyopita, nikiwa likizo, nimechoka na njaa, niliingia hoteli moja ya mjini nikafanya dhambi. Mhudumu, mzee wa makamo mwenye kalamu sikioni, alianza ile ya "hakuna shida, madam, ni unga kidogo tu". Nikamkatiza. Nikamwambia, "Baba, ni mambo ya dini. Sisi hatugusi unga wa chapati wala maziwa. Hata kijiko kilichogusa."

Mzee alisimama wima. Kalamu ikatoka sikioni. Akaingia jikoni, nikamsikia kupitia kidirisha: "Sikizeni, huyu ni wa kanisa. Sufuria mpya! Osha hiyo mwiko na maji ya moto! Wewe wa chapo, songa kando kwanza." Baada ya dakika ishirini akaniletea mwenyewe, si kwa mkono wa kijana, mbuzi wa kuchemsha, ugali mweupe na sukuma iliyopikwa kwa kitunguu na chumvi peke yake, sahani imefunikwa na sahani nyingine. Hakuna shule ya Torino iliyowahi kunipakulia vizuri hivyo. Nilikula mpaka mfupa, na tumbo halikusema kitu usiku ule wala kesho yake.

Alipokuja kuchukua pesa alibaki amesimama kidogo, akatazama mlangoni, akainama.

"Pole kwa kuuliza, madam. Hiyo kanisa yenu... Krismasi mnakulaga nini?"