Rosta Mpya Imebandikwa

Rosta mpya imebandikwa ukutani, na aliyeipanga ni wazi hana mtoto wa miezi 7. Naiti 4 mfululizo, ya mwisho inatoka saa moja na nusu asubuhi, mtihani wa kujiendeleza unaanza saa tatu. Wauguzi wameisoma kimya, mikono nyuma, kama wanasoma tanzia.

Na usiniletee habari ya kubadilishana zamu. Utaratibu unajulikana: tafuta mwenzako kwanza, msaini wote wawili daftarini, ndipo umfuate msimamizi wa wodi. Ukianza na msimamizi utapewa hotuba ya wito. Mwenzako naye akikubali Jumatatu, Alhamisi anafiwa na shangazi yule yule wa mwaka jana.

Haya, dai haki basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Mtu anaingia kwa matroni kifua mbele, kifungu amekinakili kwenye karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Chanika."

"Na sisi tuko wapi?"

"Kinondoni."

Matroni anatazama saa ya ukutani, hasemi neno. Mdai haki mwenyewe anaanza kupiga hesabu: ufike Kariakoo, daladala ijae, mkwame Gongo la Mboto. Saa 2 zimekwisha na mtoto hajaonekana hata kisogo.

"Kakamue, mwanangu."

Akakamulie wapi? Chooni ni mwiko, kinamama wa kliniki anawakataza kila siku. Inabaki stoo ya mashuka. Nawa mikono, kikombe kiwe kimechemshwa, kidole gumba juu ya ukingo wa weusi wa titi, cha shahada chini, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Matiti yote mawili ni dakika 20 hadi 30. Dakika ya 6 mlango unafunguka: "Sista, dripu ya kitanda namba 8 imesimama!" Akirudi maziwa yamegoma, maana hasira na haraka huzuia yasishuke. Na nani hapo hana hasira?

Tuseme zimepatikana mililita 60. Friji ya wodi ina karatasi mlangoni: CHANJO TU, nyuzi 2 HADI 8, USIWEKE CHAKULA. Mwandiko ni wake mwenyewe. Basi ni kibegi cha baridi chenye barafu, yakae humo hadi saa 24. Zile saa 4 za kukaa nje bila barafu ni za chumba kisichozidi nyuzi 25, na Dar ya Februari chumba hicho ni cha mganga mfawidhi peke yake.

Yakifika nyumbani mafuta yamepanda juu. Dada wa kazi anachungulia: "Haya yamekatika, nimemwaga." Hayajakatika jamani! Hayo hutikiswa taratibu, kikombe kikawekwa kwenye bakuli la maji ya moto, jikoni yasipande kabisa, mtoto akanywa kwa kikombe. Mfundishe leo, mwisho wa mwezi anaaga anakwenda kumwona bibi yake, na wewe unaanza na mwingine.

Usiku ndiyo wa kusoma. Hesabu ya dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, matone 42 kwa dakika. Ukurasa wa kugawa mtoto ameula. Ukila sapu, ule mtihani wa marudio, mweleze mkufunzi hivyo hivyo.

Barua ya ruhusa ya masomo sitaki hata kuigusa. Ina "kupitia kwa" 3, yaani wakubwa 3 wa kuipitisha, na kila "kupitia kwa" yuko semina. Uwe umethibitishwa kazini, jina liwe kwenye mpango wa mafunzo, kisha urudi na shahada ukasubiri nafasi kwenye ikama, ile idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ndipo ubadilishiwe muundo wa utumishi. Mtoto atakuwa darasa la pili, mshahara ungali wa diploma.

Unaingia nyumbani, mwana anakukimbilia kwa magoti. Usimshike! Vua sare, iloweke, nawa mpaka viwiko. Anakulilia mlangoni kana kwamba umemkana. Na hivi nani aliamua mtu anayekanyaga damu na uji wa wagonjwa avae viatu vyeupe? Rangi yenyewe ya chupa, sponji inakauka kabla dawa haijafika nusu, ukiikamua inatoka yote mara moja, ukutani.