Scratch au Python: mtoto wa Mwanza aanzie wapi?

Mzazi wa Nyegezi au Igoma akiuliza mwanawe aanze na lugha gani ya kompyuta, atatajiwa mbili: Scratch na Python. Wanaozitetea hubishana kweli kweli, ila mara nyingi wanamsahau mtoto mwenyewe.

Scratch ilitolewa mwaka 2007 na watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, hasa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki amri, anaburuta vipande vya rangi na kuvipachika, na visivyooana vinakataa kushikana. Tena unaweza kuibadilisha isomeke kwa Kiswahili. Kwangu hili ni kubwa kuliko zile rangi. Mwanafunzi wa darasa la nne katika shule ya serikali anasoma hisabati kwa Kiswahili. Ukimpa Python, ambayo amri zake huandikwa kwa maneno ya Kiingereza kama if, while na print, unamtwika Kiingereza na programu kwa wakati mmoja.

Wanaoitetea Python wanasema Scratch ni mchezo tu, inamficha mtoto mambo. Hoja yao ina uzito. Chukua programu ndogo ya muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba: iulize bei ya ndoo moja, kisha izidishe kwa ndoo 3. Kwenye Scratch mtoto anajibu 5000, anapata 15000, anaendelea. Kwenye Python, akiandika

bei = input("Bei ya ndoo? ")
print(bei * 3)

anapata 500050005000. Dagaa wa shilingi zaidi ya bilioni 500! Sababu ni kwamba Python huchukua kilichoandikwa kama maneno, si namba, na maneno yakizidishwa kwa 3 yanarudiwa mara tatu. Lazima uiambie wazi, kwa int, kuwa hiyo ni namba. Kijana wa kidato cha pili akikwama hapo na kuelezwa vizuri, ameelewa jinsi kompyuta inavyotofautisha data, jambo ambalo Scratch ilimfanyia kimyakimya. Mtoto wa miaka tisa aliyekwama hapo hapo, bila mtu wa kumweleza, ataona kompyuta haimtaki. Nisingependa hata mmoja apotee hivyo.

Kwa hiyo mtoto wa msingi ningempa Scratch, tena ile ya Kiswahili. Kijana wa sekondari, au mtu mzima anayeanza, aende moja kwa moja Python. Hana haja ya kupitia vipande vya rangi kwanza.

Lakini ushauri huo unadhani nyumbani kuna kompyuta, na nyumba nyingi zina simu tu. Scratch ikishasakinishwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, hivyo kompyuta moja ya shule ya Sengerema au Ukerewe inaweza kutumiwa na watoto kwa zamu bila kununua bando. Kwenye kioo kidogo cha simu, kuburuta vipande ni mateso. Python inawezekana: programu iitwayo Pydroid 3 inaiendesha kwenye simu ya Android, ingawa kuweka nafasi zilizo sawa mwanzoni mwa mistari kwa kidole gumba kunachosha, na nafasi zikikosewa programu inagoma. Kijana mwenye simu pekee aanze hivyo hivyo, kwa programu fupi za mistari mitano au sita. Mdogo wake namwombea zamu kwenye kompyuta ya shule, hata saa moja kwa wiki, na walimu wakuu wenye kompyuta zilizofungiwa ofisini wawafungulie watoto.