Mnyororo Hupimwa kwa Maji Yaliyojaa

Wenye boti za matanga wakikutana, mazungumzo ya nanga hayachelewi kugeuka ubishi juu ya umbo lake na uzito wake. Mimi sina ugomvi na nanga ya mtu yeyote. Ninaloshikilia ni kwamba katika pwani yetu kinachoponza boti ni ubahili wa mnyororo.

Tuchukue Unguja, ambako maji ya bamvua, yaani ya siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, hupanda karibu mita 4. Umefika bahari imekupwa, bildi, kipimo cha kina, inakuonyesha mita 3, na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji. Jumla ni mita 4. Ukizizidisha mara tano, kama ilivyo desturi ya wanaotumia mnyororo mtupu bila kamba, utaachia mita 20 na kwenda kulala. Saa 6 baadaye maji yamejaa, kutoka omo hadi chini ni mita 8, na mita zako 20 hazifiki hata mara tatu. Ulihitaji 40. Nanga hushika pale mnyororo unapolala chini na kuivuta kwa ulalo. Ukiwa mfupi, huunyanyua mpini wa nanga, na ncha huchomoka mchangani.

Kosa hilo nimelifanya kwa mkono wangu, karibu na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Tulifika saa nne usiku, maji mafupi, na kufika gizani tayari lilikuwa kosa. Nilipima, nikaachia mnyororo, nikaridhika. Saa tisa niliuwekea kiganja pale omoni nikausikia ukitetemeka kwa vipindi, unakaza, unakwaruza, unalegea. Na taa mbili za ufukweni nilizoziacha zimepangana mstari mmoja zilikuwa zimeachana. Upepo ulikuwa ukitusukuma nje, kwenye kina kirefu zaidi, kwa hiyo kila tulivyoburutwa ndivyo mnyororo ulivyozidi kuwa mfupi. Tuliuachia wote uliobaki ndipo nanga ikashika.

Tangu hapo huanza na jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kugusa nanga. Huishusha penye mchanga au tope, kamwe si juu ya matumbawe, ambako huvunja kilichoota kwa miaka mingi na mara nyingine hunasa isitoke. Kisha huirudisha boti nyuma kwa injini, polepole, mpaka mnyororo utulie mkononi.

Najua jibu la wengi: mita 40 zinataka nafasi pana ya boti kuzunguka upepo au mkondo unapogeuka, na bandari imejaa mashua. Ni kweli. Nisipoipata nafasi hiyo huondoka nikatafuta mahali pengine, hata kama wageni niliowapakia wananung'unika kwamba hoteli imebaki mbali.