Feni ya polepole kwenye seti ya wati 100: hesabu za Nairobi

Wenye redio za ridhaa, wanaowasiliana hewani kwa burudani, wamegawanyika kuhusu kupoza seti zao, yaani redio za kurusha na kupokea. Kuna wanaotaka seti isaidiwe na feni ya milimita 120 izungukayo polepole, wakiichoka ile ndogo ya kiwandani inayolia. Wengine hujibu kwamba ile ndogo ilipimiwa mapezi yake, yaani vibati vya metali vinavyotoa joto, na mtengenezaji, hivyo isiguswe.

Wapenda ukimya wana hoja nzito. Mwendo wa feni ukishuka kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu lakini kelele hushuka takriban desibeli 15. Katika fleti, ambako redio hukaa kwenye kona ya sebule, maikrofoni huokota mlio wote wa feni na kuurusha hewani.

Tatizo ni shinikizo, ambalo hushuka hadi robo mwendo ukiwa nusu. Hewa dhaifu ikikuta mapezi yaliyobanana hupita pembeni. Feni itaonekana inazunguka vizuri huku transista za mwisho, zinazokuza nguvu ya kurusha, zikichemka. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ina takriban asilimia 82 tu ya uzito wa ile ya Mombasa, na uzito huo ndio unaobeba joto. Mwendo uliotosha pwani, kwa joto lilelile la chumba, huku uongezwe kama moja ya tano.

Aina ya mawasiliano nayo ina uzito wake. Seti ya wati 100 hunyonya karibu ampea 22 kwa volti 13.8, yaani wati 300, na 200 kati yake huwa joto. Sauti ya SSB, yaani mazungumzo ya kawaida ya redio hizi, ina mapumziko. FT8, mtindo wa kidijitali wa kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, hurusha nguvu kamili karibu sekunde 13 mfululizo. Kushuka hadi wati 50 hakupunguzi joto kwa nusu, kwa kuwa mkondo hufuata kipeuo cha pili cha nguvu: bado hubaki wati 160 hivi za joto. Kwa FT8, wati 25 ni salama zaidi.

Kwa maoni yetu, feni ya ndani ibaki na ya nje iongezwe, ikipuliza kuelekea kulekule, la sivyo zitapingana. Ziba mianya ya pembeni kwa sponji. Kwa feni ya ampea 0.15, unganisha rezista ya omu 56, wati 2, kwenye waya chanya. Itapata kama volti 8. Sambamba na rezista weka thamostati ya nyuzi 45, ile inayofunga saketi ikipata joto, ibanwe kwenye mapezi. Joto likipanda, rezista inarukwa na feni inakimbia. Jaribu kuiwasha ikiwa baridi: feni zilizotumika, kama zile za kompyuta, nyingine hukwama kwa volti 8.

Kidhibiti cha PWM, kinachopunguza mwendo kwa kuwasha na kuzima umeme haraka, tusingekifunga. Mapigo yake ya kHz 25 huacha kelele hadi bendi za mita 80 na 40. Hata feni ya kawaida iwekewe kapasita ya mikrofaradi 100 na nyingine ya 0.1 kwenye vituo vyake, na waya uzungushwe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, inayozuia kelele hizo. Vumbi la kiangazi likiziba chujio, shinikizo dogo lililokuwepo huisha kabisa, kwa hiyo lipigwe brashi kila mwezi.