Dawa ya Ganzi na Mzizi wa Jino Unaooza

Mjumbe hauawi, na maumivu ya jino ni mjumbe. Ndiyo maana wapo madaktari wanaozitazama kwa shaka dawa za ganzi ya meno (si sindano ya kufisha maumivu, bali dawa za kutuliza meno yanayoshtuka kwa baridi), wakihofu kwamba mgonjwa akishaacha kushtuka kwa maji baridi hatarudi kliniki, na mzizi utaoza kimyakimya. Kwa potasiamu naitreti, chumvi iliyomo katika dawa nyingi za meno za ganzi kwa kiwango cha asilimia 5, hofu hiyo ina msingi: hutuliza neva tu, wala haimrudishii mzizi chembe ya madini. Dawa ya namna hiyo ikisaidia kuzuia uozo, sifa ni ya floraidi iliyochanganywa nayo.

Ila dawa za ganzi si za namna moja. Zile zinazoziba vijitundu vya dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya ganda lake gumu, hasa zenye floraidi nyingi, zinahukumiwa kwa kosa la wenzake.

Fizi ikishuka, mzizi hubaki wazi, nao hauna enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Enameli ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake, ilhali dentini ina takribani 70 tu. Enameli huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi) ikishuka hadi karibu 5.5, lakini mzizi huanza mapema zaidi, kati ya 6.2 na 6.7. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, kumbe katika kipimo hiki kila namba moja ni mara kumi. Maana yake ni kwamba mzee anayekunywa chai ya sukari kidogo kidogo mchana kutwa, huku mate yake yamepungua, anaweza kuwa na enameli salama kabisa na mizizi inayopoteza madini kwa saa nyingi. Sehemu inayomtia ganzi ndiyo hiyohiyo iliyo hatarini kuoza, kwa hiyo anayekwenda kutibiwa ganzi huwa amempelekea daktari mzizi wake kabla haujatoboka.

Marekani iliruhusu vanishi ya floraidi, ya kupakwa juu ya jino, mwaka 1994, na silva daiamini floraidi, kimiminika chenye madini ya fedha na floraidi, mwaka 2014, zote mbili kama tiba za ganzi, ingawa madaktari wengi wanazitumia dhidi ya uozo. Hii ya pili, katika mchanganyiko wa asilimia 38, ina floraidi sehemu 44,800 kwa milioni, wakati dawa ya kawaida ya meno ina 1,000 hadi 1,500. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria. Floraidi huyavuta madini ya kalisi na fosfati ya mate yajijenge upya juu ya fuwele zilizosalia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Gharama yake ni weusi wa kudumu mahali palipooza. Wenyeji wa Arusha, waliokuzwa na maji yenye floraidi nyingi, wana sababu ya kulisikia jina la floraidi kwa mashaka, ijapokuwa meno yao yalipata rangi ya kahawia kwa floraidi iliyonywewa utotoni, jino likiwa bado linaumbwa, na hapa inapakwa juu ya jino lililokwisha kukomaa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tabaka la juu likijaa madini haraka, njia ya kwenda ndani hubanwa, na kiini cha kidonda chaweza kubaki laini. Kutoweka kwa ganzi hakuwezi kulifichua hilo. Daktari hulijua kwa kulipapasa doa taratibu kwa kifaa katika kila ziara: lililotulia huwa gumu na lenye kuteleza kama kioo, na linaloendelea kuoza hubonyea kama ngozi iliyolowa.