Lungi: jengo jipya, maji yaleyale

Ndege ikitua Lungi, abiria wa Freetown bado hajafika. Uwanja wa kimataifa wa Sierra Leone uko ng'ambo ya mlango wa mto, na ukizunguka kwa barabara kupitia Port Loko ni takriban saa tatu. Ndiyo maana wengi hupanda boti: mabegi yanatangulizwa, unavalishwa jaketi la kuokolea maisha, kisha nusu saa ya mawimbi hadi Aberdeen, mtaa wa Freetown, mara nyingi usiku. Asiye na dola za boti ya kasi husubiri kivuko cha Tagrin kwenda Kissy, upande wa mjini. Zamani zilikuwapo helikopta. Juni 2007 moja ilianguka palepale Lungi na kuua watu 22, akiwemo Waziri wa Michezo wa Togo.

Serikali ya Rais Ernest Bai Koroma iliona dawa ni kuhama. Ikakubaliana na China mkopo wa dola milioni 318 hivi, uwanja mpya ujengwe Mamamah, bara, ambako mtu anafika mjini bila kugusa maji. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zikaonya kuhusu deni. Rais Julius Maada Bio aliingia madarakani 2018, na Oktoba mwaka huohuo mradi ukafutwa: kwa nini kujenga wa pili ilhali uliopo hautumiki ipasavyo?

Hoja hiyo ina nguvu. Nchi yenye ndege chache kiasi kile haikuwa na haraka ya kukopa. Badala yake kampuni ya Summa ya Uturuki ikapewa Lungi, ijenge na kuendesha kwa miaka 25, na Machi 2023 likafunguliwa jengo la abiria milioni moja kwa mwaka. Ni zuri, hakuna ubishi. Lakini mwekezaji hatoi sadaka. Fedha yake itarudi kupitia abiria. Na abiria huyo tayari analipa, juu ya nauli, ada ya usalama ya dola 25 akiingia na 25 akitoka, bado hajapanda boti.

Hapo ndipo watetezi wa Mamamah wana haki yao: kero kubwa ya Lungi haikuwa jengo, ilikuwa maji. Bio ameahidi daraja, ambalo makadirio yake yamezidi dola bilioni moja. Waliokwepa deni la milioni 318 hawajasema kwa kueleweka daraja hilo litalipwa na nani.